Shairi Lililomtoa Roynell Jikoni

Juma lililopita mliniacha kwenye ngazi za bunge la jimbo, saa mbili asubuhi, nimemshika mkono Roynell Bascomb.

Leo nawaambieni jambo ambalo sikuliandika. Mkono ule sikustahili kuushika.

Kwa ambaye hakuwa nasi tangu mwanzo: mimi ni Jarvis Tolliver wa Cotter's Bend, kijana wa miaka ishirini na mitatu. Miaka miwili ya ujana wangu niliimaliza ndani ya gari la Dale Huckaby, mtu aliyetulazimisha tumwite Mjomba. Tulikuwa vijana kumi na mmoja. Alitushusha mji baada ya mji tugonge milango ya watu, tuwauzie majarida ambayo hayakuwafikia kamwe. Aliyechoka aliachwa barabarani, katika jimbo asilolijua, bila kitambulisho, maana vitambulisho vyetu vilikaa kwenye mkoba wa Mjomba. Aliyebisha alipigwa huku wenzake wakilazimishwa kutazama.

Polisi walipofika, Mjomba hakuwepo. Tuliokuwepo ni sisi. Mimi na Roynell tukahukumiwa kwa utapeli.

Hatia hiyo ndiyo iliyomfanya Roynell akose nyumba ya kupanga, na alipokosa nyumba wakamchukua mwanawe Micah, mtoto wa miaka minne. Hakimu wa watoto alimwambia wazi: "Nitasubiri hadi bunge lifungwe mwezi huu. Hatia ikifutika, mtoto ni wako. Isipofutika, nampa familia nyingine, na hapo hakuna kurudi nyuma."

Na bunge letu likifungwa, hufungwa karibu miaka miwili.

Basi roho ya Roynell yote ilikuwa ndani ya Muswada namba 214. Ukipita, hakimu angeweza kufuta hatia ya mtu aliyetenda kosa akiwa mikononi mwa wasafirishaji wa watu, na jimbo lingempa pa kulala na mtu wa kumsaidia asimame tena.

Ndani ya bunge kulikuwa na sherehe. Ilikuwa Siku ya Wakulima wa Pekani, na wakulima walijaa ukumbini wamevaa kofia za kijani, wakigawa vifuko vya njugu hizo za ganda kwa kila seneta anayepita. Watu wanacheka, wanapigana picha. Sisi tumekuja kuomba mtoto.

"Kila mmoja achukue kadi," alisema Bi Loretta Finch, wakili wetu, mwanamke mnene anayevaa suti na viatu vya kukimbilia. "Andika jina. Kuna visanduku vitatu: Naunga Mkono, Napinga, Natoa Maelezo Tu. Tia alama kwenye Naunga Mkono. Ukitaka kubadili, badili kabla hujafungua mdomo. Ukishaanza kusema, kadi ni kadi."

"Tunapewa muda gani?" Roynell aliuliza.

"Dakika mbili. Taa ya kijani, sema. Ya njano, malizia. Nyekundu, funga mdomo hata kama uko katikati ya jina la mama yako."

"Maisha yangu yote kwa dakika mbili?"

"Wakulima wa pekani wamepewa asubuhi nzima," nikasema.

"Na wewe Jarvis, nakuona mfuko wa shati umevimba. Hiyo karatasi ni nini?"

"Beti nane tu, Bi Loretta."

"Ukisoma shairi mle ndani, nakuapia, nitavua kiatu nikuchape nacho mbele ya maseneta."

Roynell akacheka. Mara ya kwanza tangu nimpate akiosha sahani katika mji wa Dunmore. "Mwache, Bi Loretta. Huyu akinyimwa vina atapasuka."

Kicheko kile kilinichoma. Mtaona kwa nini.

Tulikuwa bado tumesimama pale Seneta Imogene Strother alipotujia kwa haraka, miwani juu ya kichwa. Yeye ndiye aliyeuandika muswada. Mama mwema, nakiri. Ila wema wa wanasiasa una bei, na bei hulipa mwingine.

"Kura ni nne kwa nne," alisema kwa sauti ya chini. "Iliyobaki ni ya mwenyekiti, Gantry. Ameniambia ataamua akishamsikia Roynell kwa masikio yake. Lakini nimelazimika kumpa kitu."

"Umempa nini?" Bi Loretta akauliza.

"Kifungu kimoja. Wamekipitisha nusu saa iliyopita. Aliyemleta mtu mwingine kwenye biashara ile, hata kama naye alikuwa mateka, sheria haitamsaidia. Hatia yake itabaki, na anaweza kushtakiwa upya."

"Imogene!"

"Ningekataa, muswada ungekufa kabla ya kifungua kinywa. Unataka nini?"

Bi Loretta alinigeukia. "Hilo halituhusu sisi. Ama vipi, Jarvis?"

"Halituhusu," nikajibu.

Nilijibu upesi kama mtu anayefukuza nzi.

Wasomaji wangu, nimewadanganyeni. Katika sehemu ya tatu niliandika kwamba Mjomba aliiba shairi langu, akaiga mwandiko wangu, akamtumia Roynell kadi ya posta kwa jina langu. Mliniandikia barua za kunipa pole. Mama mmoja alinitumia soksi.

Uongo. Rudisheni pole zenu. Soksi nimeshazivaa.

Ukweli ni huu. Nilikuwa na miezi minne kwenye gari lile. Nilikwisha kuona mwenzetu Curtis anaachwa kwenye mvua kando ya barabara kuu, anakimbiza gari mpaka anaanguka. Nilikwisha kupigwa mara mbili. Jumapili moja Mjomba aliniita chumbani kwake motelini, akaweka mezani kadi ya posta na kalamu.

"Wewe ni mshairi," akasema. "Lete mtu mmoja tu. Akifika, nakupeleka kwa mama yako, kwa mkono wangu mwenyewe."

Akasimama nyuma yangu. Nikamkumbuka Roynell, aliyekaa nyuma yangu kwenye kwaya tangu utoto, aliyekuwa akikaanga samaki katika mkahawa wa Cotter's Bend na kulalamika kwamba dunia yote aliyoijua ina harufu ya mafuta.

Nikaandika. Na ngojeni, si hilo linaloninyima usingizi. Linaloninyima usingizi ni kwamba mstari wa tatu niliufuta nikauandika upya, kwa sababu kina hakikukaa sawa. Nilitafuta vina, jamani! Mtego nikauchonga na kuupiga msasa.

Kwenye gari lile kulikuwa na desturi. Aliyemleta mtu ndiye aliyemtembeza siku tatu za kwanza, akimfundisha kugonga mlango na kutabasamu, na jina lake liliandikwa chini ya fomu ya mgeni: Mlezi. Nilimtembeza Roynell siku tatu. Aliposhuka basi tu nilimwahi kwa uongo: "Si mimi niliyeandika, Roy. Kaiga mwandiko wangu." Akaniamini. Angeachaje? Tumekua pamoja.

Siku ya nne nikaenda kwa Mjomba kudai ahadi. Hakunipeleka nyumbani. Alinihamisha kiti tu, kutoka nyuma kwenda mbele, karibu na dereva.

Nami nikakaa.

Chumba cha kamati kilikuwa na viti vya ngozi juu, kwa maseneta, na viti vya plastiki chini, kwa sisi. Seneta Gantry, mzee mwenye shingo nyekundu, alikuwa na kifuko chake cha pekani mezani. Anabanja njugu, anatafuna, anasikiliza. Ta! Ta! Kila shahidi alisemea juu ya mlio ule.

Aliyeitwa kabla yangu alikuwa Prentiss Yoakum, wakili wa chama cha wauzaji wa mlango kwa mlango, akina Huckaby. Kadi yake: Napinga. Tai ya hariri, meno kama ya tangazo la dawa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alianza, "tunaambiwa vijana hawa walisafirishwa kama watumwa. Na nani? Nitawaonyesha mfanyabiashara wa watu mwenyewe." Akatoa kadi ya posta. Niliijua kabla hajaigeuza. "Bi Bascomb, ambaye mtamsikia sasa hivi, aliingia kazini kwa mwaliko huu. Mnaniruhusu nisome?"

"Soma," Gantry akasema mdomo umejaa.

Yoakum akasoma, tena kwa madaha:

Ondoka dada jikoni,
Dunia iko njiani,
Kila siku hotelini,
Na mwenyeji wako mimi.

Chumba kikaangua kicheko. Mkulima mmoja wa pekani aliyekuja kupumzisha miguu akapiga makofi.

Na Mungu anisamehe: kwa kufumba na kufumbua nilifurahi. Shairi langu lilikuwa limesomwa vizuri.

"Chini kuna jina," Yoakum akaendelea. "J. Tolliver. Rafiki yake wa utotoni. Na fomu ya kazi hii hapa, Mlezi: J. Tolliver. Hakuna minyororo hapa, waheshimiwa. Kuna marafiki wawili waliotaka kutembea. Leo wameshikwa na sheria, ndipo wanaitwa wahanga."

"Sasa huyo Tolliver akisema si yeye aliyeandika?" Seneta Strother akauliza.

Yoakum akaupapasa mkoba wake. "Akikana, ninayo picha. Bwana Huckaby hupenda kumbukumbu."

Picha ile niliijua pia. Mimi mezani, kalamu mkononi, kadi mbele yangu, natabasamu. Mjomba aliniambia tabasamu, nikatabasamu.

Roynell alinivuta mkono wa shati. Macho yake yalikuwa yanawaka. "Waambie," akaninong'oneza. "Inuka uwaambie alivyokuigia mwandiko. Si ndiyo hila yenyewe hiyo? Hiyo picha atakuwa ameitengeneza. Inuka, Jarvis!"

Nikaona njia zote mbili wazi kama njia panda. Nikikana, Yoakum atatoa picha, na hakuna atakayeliamini neno lolote la mtu aliyekaa karibu nami. Nikikiri, Roynell atakuwa amethibitika: aliletwa kwa hila, kwa amri ya Huckaby. Ila hatia yangu itanifuata kaburini, huenda na pingu juu yake. Na Roynell atajua.

"Jarvis Tolliver," katibu akaita.

Nikaenda. Taa ya kijani ikawaka.

Karatasi ya beti nane niliiacha mfukoni.

"Shairi hilo ni langu," nikasema. "Niliandika mimi. Hakuna aliyeiga mwandiko."

Nyuma yangu nilisikia pumzi ikikatika. Sikugeuka. Mwoga hageuki.

Yoakum akatabasamu. "Nashukuru, kijana."

"Usinishukuru, sijamaliza! Huckaby aliniletea kadi na kalamu. Alisimama nyuma yangu mpaka nikatia nukta. Aliniambia nikileta mtu ataniachia niende kwetu. Miezi minne nilikuwa nimeona wanaopigwa na wanaotupwa barabarani. Nilijua ninamwita wapi. Nikamwandikia neno 'hotelini'. Vyumba vile tulilala sita sakafuni na mlango umefungwa kwa nje!"

Mlio wa njugu ukakoma.

"Ulijua?" Gantry akauliza.

"Nilijua, Mheshimiwa."

"Na yeye?"

"Yeye hakujua lolote. Alijua mimi ni rafiki yake. Hicho ndicho chambo kilichotumika."

"Wakili wako amekuambia kifungu tulichopitisha leo asubuhi?"

"Nimeambiwa."

"Basi unafahamu maneno hayo hayakulindi. Yameandikwa, yamerekodiwa. Mwendesha mashtaka yeyote anaweza kuyachukua."

Bi Loretta alikuwa amesimama. "Mheshimiwa, mteja wangu hana haja ya..."

"Kaa, Bi Loretta," nikasema. "Nafahamu. Na kwa kuwa nimeshapotea, niacheni niseme. Kifungu hicho, kama mngemwita Huckaby awaandikie, asingeandika kizuri kuliko hicho! Mnadhani alitufunga kwa kamba? Alimpa kila mmoja kadi na kalamu. Melba alimleta binamu yake. Curtis alimleta kaka yake, ndiyo maana hata alipotupwa hakuthubutu kwenda polisi. Kila mmoja kwenye gari lile alikuwa na mtu aliyemuuza, na aibu hiyo ndiyo kufuli. Nanyi mmekaa hapo mnabanja pekani, mmemsaidia kuugeuza ufunguo!"

Taa ya njano.

"Kijana, punguza sauti."

"Sauti yangu nimeipunguza miaka miwili, Mheshimiwa! Mimi nifungeni, nastahili. Lakini msimwambie mtu kwamba..."

Nyekundu.

"Muda umekwisha," Gantry akasema. Hakusema kwa ukali. Aliupanga uchafu wa maganda mbele yake kwa kidole, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza. Yoakum alikuwa anaandika haraka haraka.

Nikageuka hatimaye.

Kiti cha Roynell kilikuwa kitupu.

"Roynell Bascomb," katibu akaita.

Bi Loretta alikuwa anaangaza huku na huku. Mkoba wa Roynell ulikuwa bado sakafuni, na picha ya Micah imechungulia kwenye zipu.

"Roynell Bascomb, mara ya pili."

Seneta Strother alinitazama kutoka kiti chake cha juu, na macho yake yalisema wazi: umetuua.

"Amekwenda wapi?" nikamuuliza Bi Loretta.

"Unaniuliza mimi?" alinifokea kwa mnong'ono. "Miezi sita umekaa ofisini kwangu unakunywa kahawa yangu, na hukuniambia! Ningejua, ningekipinga kifungu kile kwa meno. Halafu unamwambia mwanamke jambo hilo mgongo umempa, kwenye kipaza sauti! Huna adabu, Jarvis. Una vina tu."

Nikauokota mkoba wa Roynell sakafuni.

"Mara ya tatu na ya mwisho. Roynell Bascomb. Asipojibu, jina linafutwa."

Gantry akaangalia saa ya ukutani. Akainua kirungu chake kidogo cha mbao.

"Nipo."

Alikuwa mlangoni. Uso wake ulikuwa na maji, ameunawa, na nywele za mbele zimelowa. Alitembea katikati ya viti vya plastiki bila haraka. Alinipita karibu kiasi kwamba mkono wa koti lake uligusa wangu, nami nikasema, "Roy..."

Hakugeuka. Ningekuwa ukuta, angeniangalia zaidi.

Alifika mezani kwa Yoakum kwanza. Akanyoosha mkono. "Hiyo kadi ni yangu. Iliibwa kwenye mfuko wangu na bosi wako. Nipe."

"Bibi, huu ni ushahidi wa..."

"Umeisoma, umechekesha watu. Nipe kadi yangu."

Yoakum alimtazama Gantry. Gantry akatikisa kichwa kukubali. Roynell akaipokea, akaisoma polepole midomo ikicheza, mistari minne ile aliyoisoma mara ya kwanza akiwa na aproni, mikono ina unga wa samaki. Alipofika mstari wa mwisho aliurudia.

Kisha akaketi kwenye kiti cha shahidi. Taa ya kijani ikawaka.

"Zima hiyo," akasema. "Sijaanza."

Katibu alishangaa, akaizima.

"Mheshimiwa, nimeambiwa mtu anaweza kubadili kadi kabla hajafungua mdomo."

"Ndiyo," Gantry akajibu. "Ndiyo kanuni."

"Yangu ilikuwa Naunga Mkono."

"Ndivyo ninavyoona hapa."

"Naomba nirudishiwe."

Bi Loretta alinishika mkono kwa kucha. Seneta Strother akavua miwani. Katibu alisogeza kadi juu ya meza, na Roynell akaiweka sambamba na kadi ya posta, mwandiko wangu kushoto, visanduku vitatu kulia.

Kura moja. Mtoto mmoja. Na kifungu kimoja chenye jina langu ndani yake, ingawa hakikulitaja.

"Una kalamu?" akamuuliza katibu.

Akapewa. Ndipo aliponitazama, mara ya kwanza tangu nilipoukiri uongo wangu, moja kwa moja, jicho kwa jicho, muda mrefu kiasi kwamba nilisikia maganda ya pekani yakidondoka sakafuni.

Kisha akainama, akatia alama. Kwenye kisanduku kipi, nitawaambieni juma lijalo.